Kuiga na Kujifunza: Jinsi Mtoto Mdogo wa Buha Apatavyo Maarifa

Walimu wanaoletwa kufundisha katika nchi ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo, mara nyingi husema ya kuwa watoto wadogo wa huku ni wazito. Mtoto huingia darasani, huketi, huinamisha macho, na akiulizwa neno hunong'ona au hajibu kabisa. Mimi nami nilisema hivyo miaka mingi, ijapokuwa ni mzaliwa wa nchi hii. Wala sikusema tu, bali nilitenda sawasawa na usemi wangu. Leo nataka kueleza kwa nini nimeuacha. Nitaanza na lugha, kwa sababu lugha huhifadhi hekima ambayo aghalabu wenye kuisema wameisahau.

1. Maneno yenyewe

Katika Kiswahili tuna kitenzi kuiga, maana yake kufuata mfano wa mwingine. Siku hizi neno hili halina heshima kubwa. Mwenye kuiga huhesabiwa kuwa mtu asiye na lake. Lakini tukivuka mpaka kwenda Burundi na Rwanda, ambako husemwa lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kiha, twaona kwamba kwiga ndilo neno lenyewe la kujifunza. Waganda nao husema okuyiga kwa maana hiyo hiyo. Shina ni moja, nalo ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Basi yaelekea wazee waliotuachia lugha hizi hawakuyatenga mambo haya mawili: aliyejifunza ni yule aliyetazama akafuata. Katika Kirundi mwalimu na mhubiri huitwa umwigisha, yaani mwenye kumfanya mwingine aige, na wanafunzi wa Bwana katika Injili huitwa abigishwa. Jina hilo lawafaa sana, kwani watu wale hawakufundishwa kwa kuketi na kukariri tu. Walitembea pamoja naye njiani, wakala naye, wakamtazama akiomba, kisha wakatumwa kwenda kutenda.

Kiswahili nacho kina hekima yake. Kwa yule atoaye maarifa twasema kufunza au kufundisha. Kwa yule ayapataye twasema kujifunza. Kiungo hicho -ji- humrudia mtenda mwenyewe, kama katika kujiosha na kujitwika. Kwa kadiri ya neno, basi, anayejifunza anajipa funzo yeye mwenyewe. Mwalimu ni msaidizi aliyesimama kando. Tukiyaweka pamoja maneno haya mawili, kuiga na kujifunza, twapata njia nzima ya malezi ya mtoto mdogo: kwanza huonyeshwa mfano, kisha hujifunza mwenyewe kwa kuutenda.

2. Shule ya nyumbani

Yeyote akaaye vijijini karibu na Makere aweza kuiona njia hiyo kila siku, maadam atazame. Mama akienda kisimani na ndoo kubwa, msichana wa miaka minne humfuata na kidumu cha lita moja. Maji yake ni machache, lakini hutiwa mtungini pamoja na ya mama, wala hakuna asemaye kwamba ni mchezo. Baba akilima maharage, mvulana hupewa jembe lililochakaa, lenye mpini uliokatwa kwa kimo chake. Akilima vibaya, baba harudi nyuma kumkemea kwa kila pigo. Hulima mbele yake, na mtoto huona mwenyewe tofauti ya mstari wake na wa baba. Watoto wasio na kazi hufinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, huwajengea zizi la vijiti, huwapeleka malishoni, huwahesabu wakirudi, na mmoja akipotea humtafuta.

Tuangalie tena jambo lililo gumu kuliko jembe na mtungi, nalo ni lugha. Katika Kiha mtu ni umuntu, watu ni abantu. Mwana ni umwana, wana ni abana. Na kila ngeli huvuta nyuma yake viambishi vyake katika sifa, katika kitenzi, na katika maneno ya kuonyesha. Mgeni mwenye elimu kubwa huhangaika miaka na miaka na jambo hili. Mtoto wa Kiha, kabla hajaanza shule, hulitumia bila shida. Ni nani aliyemfundisha? Hakuna aliyemwandikia jedwali la ngeli ubaoni, wala hakuna aliyempiga kwa kukosea. Alisikia, akajaribu, akakosea, watu wakacheka kidogo wakamjibu kwa neno lililo sawa, akajaribu tena. Kichwa kilichoweza kazi hiyo hakiwezi kuitwa kizito.

Walakini sitaki kuisifu shule ya nyumbani kupita kadiri. Nyumbani nako watoto hupigwa, na wasichana wengi hubakizwa kulea wadogo zao wakati ambapo wangekuwa darasani. Tena iko elimu isiyopatikana kwa kutazama tu. Mtoto hawezi kuiga kusoma katika nyumba isiyo na kitabu wala msomaji. Ndiyo maana shule ni ya lazima. Swali ni kama shule itajenga juu ya msingi iliyoukuta, au itaubomoa kwanza.

3. Mtoto aingiapo darasani

Mtoto huyo aliyezoea kutazama, kutenda, na kusema Kiha, siku moja huingia katika nyumba ambayo mambo yote matatu yamegeuka. Hatazami kazi, bali ubao. Hatendi kwa mikono, bali huitikia kwa pamoja na wenzake. Na lugha ni Kiswahili, ambacho huenda amekisikia sokoni na kanisani tu.

Liko na jambo la nne, ambalo walimu wageni hulikosa zaidi. Katika Buha salamu ni ndefu, na mtoto hufundishwa mapema kuwa mdogo hamkazii macho mkubwa, wala hakimbilii kusema mbele yake. Mwalimu ni mkubwa. Basi mtoto ainamishapo macho na kunyamaza, huwa anatimiza vema kabisa somo la adabu alilolipata kwa mama yake. Sisi twamwona mjinga, kumbe ametuheshimu. Kisha twamwadhibu kwa heshima yake.

4. Kosa langu

Mwaka 2008 nilikuwa na darasa la kwanza. Miongoni mwa watoto alikuwamo msichana wa miaka saba ambaye hakujibu neno. Siku moja nilimsimamisha nikamwuliza: tano, toa mbili, ngapi? Akanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti kubwa. Akanyamaza. Nikampiga fimbo mikononi, nikamwambia aketi na wazito wenzake kwenye benchi la nyuma.

Juma lile lile nilikwenda kuwasalimu watu wa kijijini kwao, kwa kuwa bibi yake alikuwa mgonjwa. Nilimkuta mtoto yule jikoni na wadogo zake watatu. Mbele yake palikuwa na viazi vitamu vilivyochomwa, tisa kwa hesabu yangu. Alitenga kimoja cha bibi. Vilivyobaki akavigawa viwili viwili kwa kila mmoja wao, naye akiwamo. Kisha akamwona mdogo wa mwisho analia kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vidogo. Akakata kipande cha chake akamwongezea, akavilinganisha kwa macho, akaridhika. Wakati wote huo alikuwa akisema Kiha, wala hakupumzika kusema.

Mama yake akaniona nimeshangaa, akaniambia kwa Kiha, "Mwalimu, huyu hapa nyumbani hatuwezi kumnyamazisha." Hakujua ya kuwa nimempiga, na mtoto hakumwambia. Alinitazama mara moja tu, akaniletea kigoda niketi, akarudi kwa wadogo zake. Kile kigoda kilinichoma kuliko maneno. Mtoto niliyemwita mzito alijua kutoa, kugawanya, na kulinganisha. Hakujua tu neno toa. Nami, niliyeijua lugha yake tangu tumboni mwa mama yangu, sikumwuliza kwayo hata mara moja.

5. Walioliona jambo hili kabla yetu

Jambo hili si geni. Mwaka 1907 Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Aliwapa watoto vitu vya kushika, vya kupanga na vya kumimina, akawaacha wachague kazi, naye akakaa kuwatazama. Aliona kwamba mtoto aliyepata kazi inayomfaa hutulia mwenyewe bila kutishwa. Vyombo alivyovitengeneza kwa ustadi, mtoto wa Buha anavyo vya namna yake: kidumu, mbegu, udongo na vijiti.

Karibu nasi zaidi, Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kilutheri katika Uchaga, alitoa mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga. Aliandika kwa uangalifu michezo ya watoto na mazoea ya wazazi, akaonyesha ya kuwa Waafrika walikuwa na elimu yao kabla ya shule zetu, tena elimu yenye taratibu.

Kuhusu lugha, wataalamu walioitwa na UNESCO walikutana Paris mwaka 1951, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1953. Walishauri mtoto aanze kufundishwa katika lugha ya mama yake. Kwetu Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya shule za msingi za Serikali, nacho kimetufanya taifa moja, sisemi kiondolewe. Lakini tuone mfano ulio mlangoni petu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 si mbali na Makere, na tangu mwaka 2015 iliwapokea Warundi wengi. Katika shule za Burundi madarasa ya kwanza hufundishwa kwa Kirundi. Mtoto wa Kirundi huanza kusoma kwa lugha aliyoinyonya, hali mtoto wa Kiha, ambaye lugha yake ni ndugu ya hiyo, huanza kwa lugha ambayo huenda bado ni ngeni kwake. Tusistaajabu basi akikawia.

6. Yatupasayo

Wenzangu wataniuliza: haya yawezekanaje? Serikali imeweka kiasi cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa elimu ya awali. Lakini tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 madarasa mengi yalifurika kupita kiasi hicho mara nyingi. Swali ni la haki. Nami nitataja tu yale niliyoyajaribu katika darasa lililojaa.

Kwanza, katika majuma ya mwanzo anayejua Kiha akitumie pasipo haya, neno la Kiswahili likifuatana na neno la Kiha na kitu chenyewe kikiwa mkononi. Asiyekijua amwombe mtoto mkubwa amsaidie. Pili, hesabu ianze kwa mbegu na vijiti. Kila mtoto alete kumi kutoka nyumbani, na haitagharimu shilingi. Tatu, watoto wagawanywe katika vikundi, wakubwa waonyeshe wadogo, kama wafanyavyo nyumbani. Nne, mtoto akinyamaza, tumwambie aonyeshe badala ya kusema. Wengi wasioweza kujibu kwa ulimi hujibu kwa mikono, na ulimi hufuata baadaye.

Tano ni fimbo. Kanuni za Serikali za mwaka 1979 na za 2002 ziliiruhusu kwa makosa makubwa tu, kwa mkono wa mwalimu mkuu au wa aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, na zile za 2002 zikasema viboko visizidi vinne. Kutojua jawabu si kosa kubwa, wala si kosa. Najua tutatajiana Mithali juu ya fimbo, na methali ya Waswahili: samaki mkunje angali mbichi. Lakini mvuvi amkunjaye samaki mbichi hampigi. Ubichi wenyewe ndio sababu ya kutotumia nguvu. Tena fimbo iliyo maarufu kuliko zote katika Maandiko ni ya mchungaji, na kondoo huona faraja kwayo.

Wala mtu asidhani nasema mtoto aachwe atawale. Mcha mwana kulia hulia yeye. Katika nyumba ya Kiha mtoto ana kazi, ana mipaka, na ana wakubwa wa kuwatii. Kumheshimu mtoto ni kuijua kwanza njia ambayo kwayo amekwisha kujifunza mengi, na kumwongoza katika njia hiyo.

Yule msichana nilimrudisha kutoka benchi la nyuma juma lililofuata, nikamwekea mbegu tisa mezani, nikamwuliza kwa Kiha. Alijibu mara moja, kwa sauti iliyosikiwa na darasa zima. Mwezi wa tatu baadaye alijibu kwa Kiswahili. Wale wengine niliowaketisha nyuma katika miaka iliyotangulia sikupata nafasi ya kuwauliza upya. Kwa ajili yao nimeandika haya, ili mwalimu mwenzangu mwenye benchi kama lile alitazame tena kesho asubuhi, kabla hajaanza somo.