Nishani Zilizofungiwa Sandukuni

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiajiri mabaharia kutoka Unguja na mwambao huu. Wengi wao walirudi, wakakaa barazani, wakafariki bila ya kuulizwa walichokiona. Leo tukitazame kisa cha baharia wa mbali, ili tupate kujitazama wenyewe.

Tom Crean alizaliwa mwaka 1877 kwa wakulima maskini karibu na kijiji cha Annascaul, huko Kerry, Ayalandi, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1893, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na jeshi la majini la mtawala wake. Alikwenda mara tatu katika bara la barafu la kusini.

Mwezi wa Februari 1912 ofisa wake, Edward Evans, alilemewa na kiseyeye hata asiweze kusimama. Crean alimwacha hemani pamoja na mwenzao mmoja, akatembea peke yake barafuni yapata kilomita 56 kwa saa 18, chakula chake biskuti tatu na chokoleti kidogo. Evans akaokolewa. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa watu sita waliovuka zaidi ya kilomita 1,300 za bahari chafu kwa mashua, kuwatafutia msaada wenzao 22 waliokwama kisiwani. Wote 22 waliokolewa.

Alistaafu Machi 1920, akarudi kwao. Ayalandi ilikuwa katika vita vya kudai uhuru. Mwezi uliofuata ndugu yake, aliyekuwa sajenti wa polisi ya serikali ya Kiingereza, aliuawa na wapiganaji. Katika hali hiyo, mtu mwenye nishani ya mfalme angesimulia nini, na kwa nani? Crean alizifungia nishani zake sandukuni, akafungua kilabu cha pombe alichokiita Ncha ya Kusini, akalea binti zake, wala hakuwasimulia ushujaa wake. Alifariki Julai 1938 kwa maradhi ya kidole tumbo, akazikwa katika kaburi alilolijenga mwenyewe.

Nchi yake ilimnyamazia kwa miaka mingi. Waliomhifadhi ni jamaa zake. Kumbukumbu za binti zake ziliingia katika kitabu cha maisha yake alichokiandika Michael Smith mwaka 2000. Mwaka 2003 sanamu yake ilisimamishwa Annascaul, na baadaye serikali ya Ayalandi huru iliipa jina lake meli yake mpya ya utafiti wa bahari.

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa katika Chama tulifundishwa kuupinga ukoloni, na mafunzo hayo yalikuwa ya haki. Lakini baadhi yetu tulikosea tulipomchanganya mkoloni na kijana maskini aliyetafuta riziki chini ya bendera yake. Nami ni miongoni mwa waliokosea. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa manowari. Chuoni nilifundishwa kuwaheshimu wazee. Skuli nikajifunza kuona haya kumtaja. Alipofariki, tulikuta shati lake la kazi limekunjwa vizuri chini ya msahafu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua alilivaa katika meli gani.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa shehia na maofisa wetu wa nyaraka wawafikie jamaa za mabaharia hawa, waandike majina, miaka na meli walizotumikia, na wazipige picha karatasi zilizosalia kabla mchwa hawajazimaliza. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu na adabu. Na wewe uliye na bibi anayekumbuka safari za mumewe, usingoje ofisa. Kaa naye jioni ya leo, umwulize.