GARI KUUKUU LILILOSHINDA LE MANS MARA MBILI

Miongoni mwa magari yote ya mashindano yaliyotoka katika viwanda vya Ford, ni machache yaliyopata heshima kama lile lenye namba ya chesisi 1075. Ni la aina ya GT40, na tarakimu hiyo ilitokana na kimo chake: inchi 40, yaani mita moja tu na kidogo kutoka chini hadi paani.

Asili ya GT40 ni ugomvi wa matajiri. Mwaka 1963 Ford ilitaka kuinunua Ferrari ya Italia. Mazungumzo yakavunjika dakika za mwisho, na Henry Ford wa Pili akaamuru litengenezwe gari la kuwashinda Waitalia hao huko Le Mans, Ufaransa, ambako madereva hushindana usiku na mchana kwa saa 24. Ushindi ulipatikana mwaka 1966, ukarudiwa 1967. Kisha Ford yenyewe ikajitoa, na kazi ikaendelezwa na timu ya John Wyer, Mwingereza aliyesifika kwa nidhamu kali. Gari lake 1075 lilipakwa rangi ya samawati na ya machungwa, rangi za wadhamini wake, kampuni ya mafuta ya Gulf.

Mwaka 1968 mashindano yaliahirishwa kutoka Juni hadi Septemba kwa sababu ya machafuko nchini Ufaransa. Pedro Rodríguez wa Meksiko na Lucien Bianchi wa Ubelgiji wakashinda nalo.

Ilipofika Juni 1969, gari hilo lilikwisha kuhesabiwa kuukuu. Porsche walikuja na 917, gari jipya lenye mbio kubwa zaidi. Desturi ya Le Mans ilikuwa madereva kujipanga ng'ambo ya barabara, na bendera ikishuka wakimbie, wayarukie magari yao na kuondoka. Wapo walioondoka bila kufunga mikanda ili wasipoteze sekunde chache, katika safari ya siku nzima! Jacky Ickx, Mbelgiji mwenye umri wa miaka 24, aliikataa desturi hiyo. Bendera iliposhuka, wenzake walikimbia, yeye alitembea. Akafunga mkanda wake kwa utulivu, akaondoka wa mwisho kabisa. Katika mzunguko uleule wa kwanza, John Woolfe, Mwingereza aliyeendesha 917 yake mwenyewe, alipata ajali akafariki. Hakuwa amefunga mkanda.

Zikiwa zimesalia kama saa tatu, 917 iliyokuwa ikiongoza iliharibika. Gari 1075, ambalo Ickx na Jackie Oliver waliliendesha kwa zamu, likabaki likigombea nafasi ya kwanza na Porsche 908 ya Hans Herrmann, ambayo breki zake zilikuwa zimechakaa. Wawili hao walipitana mara kwa mara katika saa ya mwisho. Hatimaye Ickx alimwachia Herrmann atangulie katika barabara ndefu iliyonyooka, akajibana nyuma yake ambako upepo haukumzuia, kisha akachomoka na kumpita. Baada ya karibu kilometa 5,000, walitenganishwa na mita 120 hivi.

Mwaka 1970 madereva wa Le Mans walianza mashindano wakiwa wameketi garini, mikanda imefungwa. Lakini Ickx hakungoja mwaka upite. Asubuhi iliyofuata ushindi wake, akielekea Paris, gari jingine lilimkatia njia karibu na Chartres, na lake likabamizwa kwenye nguzo. Alifungua mkanda, akatoka mzima.