Kiwanja cha Kwanza Ng'ambo ya Mto Mpiji

Mtu wa kipato cha wastani katika Dar es Salaam, awe mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zamu, fundi wa magari au mwenye duka la dawa baridi, aghalabu hanunui nyumba. Hununua kiwanja, na nyumba huijenga juu yake chumba baada ya chumba, kwa kadiri riziki inavyomjia. Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaasisiwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, lakini riba imebaki ya tarakimu mbili, na masharti ya hati na mshahara wa kudumu yamewaacha mlangoni wengi wa wale ambao sheria ilikusudia kuwaingiza ndani. Kwa hiyo fedha ya nyumba ya kwanza hutoka katika vikoba na SACCOS, katika upatu wa wanawake, katika kiinua mgongo cha mzazi au ng'ombe waliouzwa bara. Nayo, kwa kuwa imekusanywa kwa taabu na haikusanyiki kwa urahisi mara ya pili, haistahimili kosa. Ndiyo sababu shauri la wapi pa kujenga ni zito kuliko shauri la kujenga nini, maana ukuta uliopinda hubomolewa ukasimamishwa upya, ilhali ardhi iliyonunuliwa mahali pasipofaa humganda mwenyewe, haimweki wala haimwachi.

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi macho ya watu hawa yameelekea kaskazini. Anayeifuata barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hupita Tegeta, chini ya kilima cha Wazo penye kiwanda cha saruji, akafika Boko na Bunju, akavuka Mto Mpiji unaoutenga Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, kisha akapokewa na Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, mpaka aingie Bagamoyo yenyewe, mji ulio kilometa zipatazo 70 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Bei ya ardhi hushuka kadiri mtu anavyosonga, tena hushuka zaidi kadiri anavyoiacha lami na kuingia ndani kwa bodaboda, na inapokaribia mji wa Bagamoyo hupanda tena kidogo, kwa kuwa mji ni mji. Ngazi hiyo kila dalali wa njia hii ameihifadhi kichwani, na ndiyo ya kwanza kumhadaa mnunuzi mgeni, ambaye akiona kwamba fedha isiyompa hata banda la kuku Boko yaweza kumpa robo ya ekari Kerege, hudhani ameokota dhahabu ambayo wenzake hawakuiona.

Wenzake waliiona. Mtu mwenye kazi Kariakoo aliyenunua Zinga kwa sababu ya bei hulilipa salio la bei hiyo kila siku ya kazi, tangu kabla ya adhana ya alfajiri mpaka baada ya isha, katika nauli ya magari mawili au matatu na bodaboda ya kutoka lami mpaka kwake, na katika watoto anaowaona Jumapili tu wakiwa macho. Na deni hilo halina siku ya kwisha ila siku ya kustaafu. Barabara baina ya Mwenge na Tegeta ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, kazi ikakamilika mwaka 2014, na kwa muda foleni ikapungua, kabla watu waliovutwa na upana wake hawajaijaza. Njia ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya nne imeelekezwa huku huku, lakini ukomo wake ni Tegeta, na mkazi wa Mapinga atakaposhuka hapo bado atakuwa na safari yake mkononi. Kwa hiyo nasema bila ya kusita, ingawa najua wenye mashamba ya kuuza hawatanipenda, kwamba mtu ambaye riziki yake i Dar es Salaam afadhali achukue kiwanja kidogo cha ndani ndani Bunju kuliko shamba zuri Kiromo. Bunju, Boko na Mbweni zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopimwa katika mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na upimaji huo, pamoja na kasoro zake, umeacha njia zinazopitika na namba za viwanja zinazojulikana ofisini. Hata Mabwepande, ambako serikali iliwapeleka waliofurikwa na maji ya Desemba 2011 katika mabonde ya jiji, pakiwa pori wakati huo, leo pana watu, maduka na daladala.

Lipo jambo jingine linalopandisha bei ya ardhi ya pwani hii bila ya kuongeza hata ndoo moja ya maji wala darasa moja la shule, nalo ni uvumi. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891, heshima hiyo ilipohamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu mojawapo kubwa kwamba bahari yake ni ya maji mafupi na meli kubwa haziwezi kuukaribia ufuo. Baada ya zaidi ya karne moja mji huo huo ukaja kupandishwa bei kwa ahadi ya bandari ya kina kirefu. Mwezi Machi 2013, Rais wa China, Xi Jinping, alipoitembelea Tanzania, ulitiwa saini mkataba wa kuijenga Mbegani, kusini kidogo mwa mji. Oman ikaingia katika shauri hilo. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete, muda wake ukiwa karibu kumalizika, akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akayakataa masharti ya wawekezaji hadharani. Na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Katika kila hatua ya hadithi hiyo madalali wa Zinga na Mapinga walikuwa na habari mpya ya kuuza pamoja na kiwanja. Aliyenunua mwaka 2013 kwa bei ya bandari alilipia gati na makontena, akakabidhiwa mikorosho.

Na wenyeji wa Pande na Mlingotini, ambao nchi yao iliguswa na mpango wa bandari na eneo maalumu la uchumi, wanaijua shida ya kukaa juu ya ardhi iliyochorwa katika ramani ya mradi, maana mtu hapandi mnazi wala haongezi chumba mahali anapoambiwa kwamba atahama, siku asiyoijua, kwa fidia asiyoijua. Basi kabla ya kuuliza bei, mnunuzi na aende Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo akaulize mipaka ya maeneo yaliyotengwa. Huenda bandari ikajengwa, na heri iwe hivyo. Lakini mwenye kutafuta nyumba ya kwanza si mchuuzi wa ardhi, na faida ya bandari, ikija, itamkuta amelala kwake.

Amma kuhusu milki, hapa ndipo fedha nyingi za wanyonge zilipozama, na hapa sitaki kwenda mbio. Waingereza waliifanya ardhi kuwa ya umma kwa sheria ya mwaka 1923, umiliki huru mchache uliosalia ukaondolewa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imethibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachouza muuzaji ni haki ya kuitumia tu, ama kwa hati yenye muda, kama miaka 33, 66 au 99, ama kwa haki ya kimila isiyo na hati. Na mnunuzi asiyejua ananunua haki ya namna gani hajui ananunua nini. Kusini mwa Mpiji hukutana na serikali ya mtaa na mipango ya jiji. Kaskazini huingia katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inayomtaka mtu asiye mwanakijiji apate ridhaa ya halmashauri ya kijiji, si sahihi na muhuri wa mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Ile asilimia kumi inayodaiwa na baadhi ya viongozi wa mitaa na vijiji kwa kushuhudia mauziano, ambayo serikali yenyewe imekwisha kuikemea, haimpi mtu haki yoyote ambayo hakuwa nayo kabla ya kuilipa.

Mashamba mengi ya pwani hii ni ya mirathi. Mzee alifariki, hakuna aliyefungua mirathi mahakamani, watoto wake wa mama wawili wametawanyika baina ya Bagamoyo, Unguja na Ilala, na mmoja aliyebaki shambani, ambaye pengine hana nia mbaya yoyote, anauza upande aujuao kuwa wake kama kwamba umekwisha kukatwa. Msingi ukichimbwa ndipo dada atokeapo. Kinga ya hilo ni barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani pamoja na sahihi za warithi wote, wanawake kwa wanaume. Na ikiwa kinachouzwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuiuza bila ya idhini ya mkewe, wala mke bila ya idhini ya mumewe, hata kama hati imeandikwa jina moja. Yafaa pia kuuliza, kwa adabu, kama shamba au sehemu yake iliwahi kuwekwa wakfu kwa msikiti, kwa maana wakfu hauuzwi, na aliyeuziwa atakuwa amegombana na msikiti katika mtaa ambao bado hajahamia.

Ardhi ikiwa na hati, upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati ni gharama ndogo kuliko nauli za dalali, na mnunuzi wa upande wa Pwani akumbuke kwamba ofisi ya ardhi ya mkoa wake iko Kibaha. Ikiwa haina hati, karatasi nitakayoiamini kwanza ni ile iliyotiwa sahihi na majirani wa pande nne, waliosimama kila mmoja penye mpaka wake na kuonyesha kwa kidole. Wingi wa nyumba si ushahidi: huko Chasimba, Boko, watu wengi walijenga wakitazamana na kutiana moyo, juu ya ardhi ambayo kiwanda cha saruji cha Wazo kilidai kuwa yake, na baada ya miaka mingi ya kesi mahakama zikakipa kiwanda haki.

Ardhi yenyewe nayo ina ushahidi wake, ila huutoa kwa msimu. Dalali mwerevu huonyesha viwanja wakati wa kipupwe, kila kitu kikiwa kikavu na upepo ukipendeza. Mnunuzi mwerevu huomba arudishwe mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, aone kama udongo ni kichanga kinachonywa maji au mfinyanzi mweusi unaoyashika, na kama ile njia aliyopita na gari imekuwa mkondo. Ufuoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na hali kadhalika kingo za mito, kwa hiyo kiwanja cha bei poa chenye mandhari ya mikoko ni cha kutiliwa shaka papo hapo. Hewa ya chumvi hula bati jembamba upesi, na aliyejibana akaezeka geji 32 badala ya 28 atapanda darini mapema kuliko alivyotaraji. Maji ni habari ya pekee. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na kupanuliwa kutoka lita milioni 180 mpaka milioni 270 kwa siku, uko katika wilaya hii ya Bagamoyo, na maji yake huifuata njia hii kwenda Dar es Salaam; hata hivyo bomba kubwa kupita mbele ya kijiji si dalili kwamba kijiji kina maji, na walio mbali na mtandao wa DAWASA hununua kwa madumu au huchimba visima, ambavyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi. Akina mama wa jirani wataeleza kwa jibu moja kama sabuni hutoa povu.

Yote niliyosema juu ya umbali hugeuka kwa mtu asiyekuwa na kazi Dar es Salaam. Kwake yeye, kama ni mwalimu aliyepangiwa huku, mvuvi, fundi au mstaafu, simshauri akwame katikati ya njia, Kerege au Zinga, kwa tumaini kwamba miji miwili siku moja itakutana juu ya kiwanja chake. Na afike Bagamoyo, pembezoni mwa mji, Nianjema au Kisutu, penye hospitali ya wilaya, soko la samaki, shule na watu waliozoea kuishi pamoja. Tangu barabara ya lami ya kilometa 64 ilipofika Msata, mji huu si mwisho wa njia tena, na kiwanda cha sukari cha Makurunge kimeleta kazi. Zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zenye milango ya nakshi na bei ambayo pengine hushawishi, awaachie wenye mifuko mirefu. Ziko chini ya macho ya Idara ya Mambo ya Kale na sheria yake ya 1964, na kutengeneza ukuta wa matumbawe kwa chokaa, kama inavyopasa, ni kazi ya mafundi wachache.

Ukubwa wa kiwanja una maana kwa sababu ya namna watu wetu wanavyojenga. Mwenye akili huanza na banda la uani, vyumba viwili na choo, akahamia humo na kuacha kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kisha kodi ile ile ikawa saruji na nondo za nyumba kubwa ya mbele. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini Bunju huyabeba majengo hayo mawili kwa kubanana, na mara nyingi nyumba kubwa hupunguzwa chumba. Kile kinachopatikana Nianjema huyabeba na kubakiza uwanja. Na kibali cha ujenzi, Bunju kama Nianjema, kiombwe kwa ramani yenye majengo yote mawili tangu mwanzo, kwani anayeomba cha banda peke yake atarudi dirisha lile lile na ada nyingine siku atakapotaka kuchimba msingi wa mbele.