Mgambo na sungusungu: ngao au kero ya mtaa?

Katika miji ya Tanzania, usalama haujapata kuwa kazi ya polisi peke yao. Kwa miongo kadhaa raia wa kawaida wamekuwa wakishika lindo, ama kama mgambo, ama kama sungusungu.

Mgambo ni zao la siasa. Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote nchini Uganda, chama tawala cha TANU kiliona hatari imebisha hodi. Mwongozo wake wa mwaka huo ulitaka umma ufunzwe kulilinda taifa. Katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wanamgambo walipigana bega kwa bega na jeshi.

Sungusungu, kwa upande wao, walizaliwa vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wizi wa mifugo waliunda vikosi vya jadi vyenye pinde na mishale. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1989 yaliwapa uwezo wa kukamata kama mgambo, na doria zao zikaenea hadi mitaa ya Dar es Salaam.

Mjini mambo yalibadilika. Kijijini watu hujuana. Mtaani wapangaji huja na kuondoka. Mwenye uwezo hutoa mchango badala ya kukesha, na zamu huwaangukia vijana wasio na kazi. Mtaa hupata usingizi, kijana hupata posho ndogo na heshima. Wahitimu wengi wa mafunzo ya mgambo hutarajia pia ajira katika makampuni ya ulinzi.

Lakini mgambo huyo huyo, akitumwa na halmashauri kusafisha barabara, huwa tishio kwa mama ntilie na mmachinga. Desemba 2018, Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kwa shilingi 20,000, ili wasibughudhiwe.

Kiini cha tatizo ni uwajibikaji. Mlinzi aliyeteuliwa na majirani huulizwa nao kunapokucha. Aliyetumwa na ofisi huijibu ofisi. Sheria humruhusu kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha polisi, si kumhukumu wala kumwadhibu. Mipaka hiyo ikivukwa, mnyonge aliyetarajia kulindwa ndiye huwa wa kwanza kuumia.