Supavaiza Yuko Morogoro, Shamba Liko Babati

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa uzamili pale SUA, Morogoro, na majaribio yako ya mahindi na mbaazi yako Babati. Umemtumia msimamizi mpango wa upandaji. Meseji ya WhatsApp ina tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Mvua zinaanza, mwenye shamba anataka kupanda. Jibu likija wiki ya sita, hata liwe zuri vipi, mbegu zimeshaota, na nafasi kati ya mistari huwezi tena kuirekebisha. Unangoja mvua za mwakani, huku muda wa masomo unakatika.

Halafu chuo kinakuletea hojaji: "Unaridhika na usimamizi unaopata?" Weka alama kuanzia 1 hadi 5.

Kipimo hicho cha ngazi kinaitwa Likert, kwa jina la mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, aliyekieleza mwaka 1932. Tatizo si kipimo, ni swali. Usimamizi una mambo mengi ndani yake. Ndiyo maana PRES, hojaji ya watafiti wanafunzi iliyoanza Uingereza mwaka 2007, inauliza mbalimbali: je, msimamizi ana ujuzi wa mada yako? Mnawasiliana vya kutosha? Maoni yake yanakusaidia kusonga mbele?

Kutenganisha huko kuna maana. Mpe profesa wako 5 kwa ujuzi na 1 kwa kupatikana, kisha tafuta wastani: 3. Kwenye ripoti ataonekana msimamizi wa kawaida tu, wakati wewe umepoteza msimu mzima.

Kumbuka pia kwamba hojaji inapima mtazamo, na mtazamo unategemea ulichotarajia. Kimya cha wiki mbili kwa mwenzako anayeandika sura ya kwanza akiwa kampasi, anayeweza kwenda kugonga mlango, ni usumbufu mdogo. Kwako wewe wa Babati ni hasara. Msimamizi anaweza kuwa yuleyule mmoja.

Kuna na woga, tusifichane. Anayepimwa ndiye atakayesaini tasnifu yako. Kama ana wanafunzi watatu tu, hojaji isiyo na jina inaficha nini? Na walioacha masomo njiani hawamo kabisa kwenye orodha ya wanaojibu, kwa hiyo alama zinapanda zenyewe.

Mimi ningeuliza matukio badala ya kuridhika: mara ya mwisho ulituma kazi lini? Ulijibiwa lini? Ulibadilisha nini baada ya kujibiwa? Tarehe zinaweza kuhakikiwa kwenye barua pepe.

Na kama bado hujapanda basi la kwenda Babati, kaa na msimamizi mwandike mambo matatu: jibu litachukua siku ngapi, jambo gani ni la kupigiana simu siku hiyohiyo, na nani ataamua kama yeye hapatikani, pengine msimamizi wa pili au mtafiti mwingine aliye karibu na shamba.