Baiskeli ni dawa, lakini utaipitisha wapi?

MSOMAJI, ikiwa umetimiza miaka 40 na umewahi kupimwa shinikizo la damu, yamkini daktari amekwisha kukuambia maneno haya: punguza chumvi, punguza unene, fanya mazoezi. Ushauri huo ni mzuri. Lakini mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na kufika nyumbani saa mbili usiku atatoa wapi saa ya mazoezi? Hapo ndipo baiskeli inapostahili sifa. Haikuombi saa ya ziada, kwani safari ya kwenda kazini ndiyo mazoezi yenyewe.

Hata hivyo, dawa hii ina sharti moja ambalo vidonge havina. Inahitaji njia. Katika mitaa kama Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, ambako nyumba za zamani zenye bustani zimebomolewa na mahali pake kuinuka fleti za ghorofa kumi na zaidi, njia hiyo haiamuliwi na daktari. Kwa kiasi kikubwa huamuliwa siku ramani ya jengo inapopitishwa.

FAIDA MWILINI

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ukiendesha baiskeli robo saa kwenda kazini na robo saa kurudi, siku tano kwa wiki, umetimiza dakika 150.

Mguu unapokanyaga pedali, misuli mikubwa ya mapaja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale ambapo insulini haifanyi kazi vizuri. Mishipa ya damu hupanuka, na kwa muda wa wiki kadhaa shinikizo hushuka. Kwa kuwa uzito wa mwili unabebwa na kiti, mtu mnene au mwenye maumivu ya magoti huweza kuendesha hata kama kukimbia kumemshinda.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la British Medical Journal, uliofuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka ile ya uchunguzi, wakilinganishwa na waliotumia magari na vyombo vya umma. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli pekee ndiyo iliyowaokoa, lakini si jambo la kupuuzwa.

Hapa nyumbani, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Walio wengi hawakuwa wakitumia dawa. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba Wakenya wengi bado walikuwa wakiupa mwili kazi ya kutosha. Hawakuipata katika ukumbi wa mazoezi. Waliipata kwa kazi za mikono na kwa kutembea. Tukiwaondolea ukingo wa barabara, tunawaondolea pia kinga hiyo.

LANGO LINAPOKATA NJIA

Hebu tuangalie jinsi jengo linavyoweza kuua njia ya baiskeli bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kwanza ni wakati wa ujenzi. Mabati huzungushwa hadi ukingoni mwa lami, mchanga na kokoto humwagwa pale watu wanapopita, na malori hurudi nyuma kuingia plotini. Mwenye baiskeli hana budi kushuka kwenye barabara ya magari. WHO inaeleza kwamba gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kumuua mtu anayetembea huongezeka mara nne na nusu. Mwendesha baiskeli naye hana bodi ya chuma ya kumkinga.

Pili ni lango. Palipokuwa na nyumba moja na gari moja au mawili, sasa pana fleti hata 100, na magari kadhaa hutoka kila asubuhi kwa saa ile ile. Ukuta wa mawe umejengwa hadi mwisho wa ploti, hivyo dereva haoni kitu mpaka pua ya gari iwe tayari imeziba njia. Kwa kuwa nchini kwetu magari hupita kushoto, dereva anayetoka ili akate kushoto hutazama kulia, yanakotoka magari. Mwendesha baiskeli anayetokea upande wa kushoto, hasa pale ambapo njia iko upande mmoja tu wa barabara, haonekani kabisa.

Tatu ni mteremko wa lango. Ili gari lisiruke, njia ya miguu hukatwa na kushushwa. Baiskeli hushuka na kupanda kila baada ya mita chache. Mvua ikinyesha, maji na matope hukaa hapo hapo. Hatimaye mwendeshaji huchoka, akaamua kupita barabarani. Ngong Road ilipopanuliwa katika miaka ya 2010 iliwekewa njia za baiskeli, lakini njia nzuri ya barabara kuu haimsaidii anayeshindwa kuifikia kutoka mlangoni kwake.

HOJA YA MSTAWISHAJI

Si haki kumfanya mstawishaji kuwa adui. Jiji linahitaji nyumba, bei ya ardhi ni ghali, na mnunuzi wa kwanza huuliza idadi ya maegesho. Isitoshe, atakwambia, waendesha baiskeli ni wachache.

Hoja hiyo ya mwisho haina nguvu. Huwezi kuhesabu wanaovuka mto kwa kuogelea ukasema daraja halihitajiki. Tena wapo wanaopita: mafundi wa mjengo, mabawabu na wafanyakazi wa nyumbani wanaotoka Kawangware na Kibera kwa miguu au kwa baiskeli kuja kuzijenga na kuzilinda fleti hizo hizo. Mmoja wao akigongwa akavunjika paja, hulala hospitalini kwa wiki nyingi, na familia hukosa mapato.

Wala jiji halikukosa mpango. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, iliyotaka asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara zielekezwe kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Lakini sera huzungumzia barabara, ilhali madhara mengi hutokea kwenye ploti, mlango mmoja baada ya mwingine.

Marekebisho yanayotakiwa si ya gharama kubwa. Lango moja badala ya mawili. Njia ya miguu na baiskeli ibaki sawa, gari ndilo lipande na kushuka. Ukuta wa karibu na lango uwe wa vyuma ili dereva aone. Wakati wa ujenzi, iachwe njia iliyofunikwa kando ya mabati. Na pawe na mahali pa kufungia baiskeli chini, karibu na bawabu.

UFANYE NINI?

Ukiona ubao au tangazo gazetini la kubadilisha matumizi ya ploti ya jirani, usilipuuze. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inakupa nafasi ya kutoa maoni kwa kaunti. Andika barua kabla ya muda uliotajwa kwisha. Wataalamu wa tathmini ya mazingira wakikuletea fomu ya maswali, usijibu vumbi na kelele tu. Uliza njia itapita wapi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya.

Kuhusu mwili wako, anza pole pole, dakika kumi kwa siku. Kama unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au shinikizo lako halijadhibitiwa, muone daktari kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini abebe peremende au sukari mfukoni. Kiti kiwe juu kiasi kwamba goti linabaki limekunjwa kidogo tu pedali ikiwa chini. Vaa helmeti na jaketi inayong'aa, na usiku washa taa.

Na siku utakapokwenda kutazama fleti ya kukodi au kununua, usiulize maji na maegesho peke yake. Muulize ajenti baiskeli itawekwa wapi, na ikitoka langoni itapita wapi. Wateja wakizidi kuuliza hivyo, mstawishaji naye atalazimika kutafuta jibu.