Freni ya mafuta ya kinga: wamama, tuangalie mbele ya mtoto kushuka mlima



Sisi wa Bukavu tunajua milima yetu. Mtoto akitoka Kadutu na kinga, hakanyagi. Anashuka tu, na uzima wake uko ndani ya vidole viwili vinavyoshika freni.

Kijana wangu anapeleka mikate asubuhi na kinga ya okazioni iliyotoka Ulaya. Freni zake si za kamba, ni za mafuta. Siku ya posho moja nilikuwa naipangusa, nikaona mpira mweusi wa freni ya mbele unang'aa karibu na mkono wa freni. Nikagusa: mafuta. Nikavuta mkono wa freni, ukafika mpaka kwenye usukani. Mtoto akasema, «Mama, jana ilikuwa inashika vizuri.» Nilikaa chini.

Ndiyo hatari yake. Kamba ya chuma mara nyingi inachakaa nyuzi kwa nyuzi, unaiona. Lakini mpira ukipasuka, mafuta yanatoka, hewa inaingia. Mafuta yanasukuma freni, hewa inabonyea tu. Leo inashika, kesho hakuna kitu.

Fundi wa kwanza alitaka kuongeza mafuta ya freni ya moto. Tusikubali haraka. Kuna mafuta ya aina mbili. Freni za Shimano na Magura zinatumia mafuta ya madini. Za Hope, na nyingi za SRAM, zinatumia yale yanayoitwa DOT, jamaa ya yale ya moto na gari. Ukiyabadilisha, vipira vidogo vya ndani vinavimba na kuharibika, na freni yote inakufa. Mara nyingi aina imeandikwa kwenye mkono wa freni. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa. Na DOT inachoma ngozi na kula rangi: iwekwe mbali na watoto.

Fundi wa pili alibadilisha mpira mbele yangu. Alifanya hivi:

1. Alitoa gurudumu na plakete, akaviweka mbali na mafuta. Katikati ya kibano cha freni akaweka kipande cha plastiki ili pistoni zisitoke.
2. Alipima mpira mpya kwa ule wa zamani, akageuza usukani kushoto na kuume kuona kama haukazi.
3. Alikata mpira kwa kisu kikali, wima kabisa.
4. Alivalisha nati, kisha pete ndogo ya shaba, akagongea kijibomba kidogo ndani ya ncha ya mpira. Pete na kijibomba ni vipya kila mara; vya zamani vimekwisha kubanwa, vitavujisha.
5. Alisukuma mpira mpaka mwisho, akakaza kwa kle ya 8 huku akiushikilia.
6. Kwa seringe alisukuma mafuta mapya toka chini kwenye kibano kwenda juu, mpaka hewa ikaisha kutoka.
7. Alipangusa kila kitu, akasafisha diski kwa alkoli, ndipo akarudisha plakete. Plakete ikinywa mafuta haishiki tena, inabadilishwa.

Mwishoni alinipa mkono wa freni. «Mama, kaza kwa nguvu, usiachilie.» Nilihesabu mpaka sitini. Ulibaki mgumu kama jiwe, na hakuna tone kwenye viungo. Kijana akajaribu kwanza mahali pa tambarare, pole pole, ndipo mlima.

Kazi yetu sisi wamama si lazima kushika kle. Ni kuangalia. Kila juma, wakati wa kuosha kinga, tufanye mambo matatu: tupitishe kitambaa cheupe kwenye mpira mzima, tukaze kila mkono wa freni na kuhesabu, tuangalie kama mpira haukwaruzwi na chuma. Kitambaa kikiona mafuta, au mkono ukizama, kinga isitoke nyumbani, hata kama mikate inangoja.

Na vikundi vya AVEC vyenye vijana wa kinga vinaweza kununua pamoja mpira mmoja, pete chache na chupa ya mafuta ya aina inayofaa, vikae kwa mama mmoja. Vitu hivi havipatikani kila siku sokoni, na ni kungoja huko kunakomfanya mtoto ashuke na freni moja.

Mikate itaokwa tena kesho. Mtoto ni mmoja.